Uzi wa Kusema na Uzi wa Kusikia

Sogea kidogo, wewe unayenisikiliza, maana jambo hili linaanza na waya mdogo, na ukikaa mbali hutauona vizuri. Ndani ya waya wa mtandao, ule wa buluu au wa kijivu unaochomekwa nyuma ya kompyuta, mna nyuzi nane nyembamba zilizosokotwa mbilimbili. Usiogope wingi wake. Ukitaka kuunganisha kompyuta mbili tu, zinazofanya kazi ni nne: mbili za kusema na mbili za kusikia. Kompyuta ya huku inasema kwa jozi moja na kusikia kwa jozi nyingine, na ya kule vivyo hivyo. Sasa fikiri. Ukifunga ncha zote mbili kwa mpangilio ule ule, uzi wa kusema wa huku utakutana na uzi wa kusema wa kule. Zote zitasema na hakuna itakayosikia. Kwa hiyo ncha moja lazima uipindue: jozi ya rangi ya machungwa ikae mahali pa kijani, na ya kijani ikae mahali pa machungwa. Ukishalielewa hilo umemaliza nusu ya kazi, na hakuna fundi atakayekutisha tena.

Mimi nilijifunza hayo nikiwa mtu mzima mwenye mke, kwa sababu ya dada yangu.

Alikuwa mkubwa wangu, mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya Maswa, ameolewa Ipililo. Sisi kwa upande wa baba ni watu wa Kimali, kule Meatu, lakini baba alihamia Bariadi kufanya kazi kwenye kinu cha kuchambulia pamba, tukakulia hapa. Baba alipofariki nilipata ukarani pale pale kinuni. Kisha ushirika ukadhoofika, wanunuzi binafsi wakaja kila mmoja na mizani yake, kinu kikanyamaza, nami nikatoka getini na kiti changu mkononi, maana kiti kilikuwa cha kwangu. Ndiyo miaka ile ya soko huria ambayo kila mtu aliambiwa ajitegemee, afungue kitu. Nilifungua stesheneri katika vyumba vya mbele vya nyumba yetu: kuchapa barua, kutoa kopi, kuandika maombi ya kazi za watu ambao kazi zenyewe hazikuwepo. Kompyuta nilinunua Mwanza, ya mitumba. Baadaye ikaja modemu ya kuchomeka, unaweka laini ya simu ndani yake, na intaneti ikaingia Bariadi polepole, kama mgeni anayeuliza njia kila baada ya nyumba mbili.

Dada alianza kukwaruza sauti. Alidhani ni vumbi la chaki. Akanywa asali, akanywa maji ya moto yenye tangawizi, akaendelea kufundisha kwa kunong'ona huku mwanafunzi mmoja wa mbele akirudia kwa sauti kila alilosema. Alipofika hospitali kubwa ya Mwanza ugonjwa ulikuwa umekwisha kukaa kooni. Walimpasua, wakamwekea kijibomba shingoni cha kupumulia, na sauti haikurudi.

Shemeji yangu, mumewe, alikuwa mkulima wa pamba na mpunga, mtu mpole asiye na maneno mengi. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema mgonjwa akae kwetu Bariadi, karibu na hospitali na karibu na mama yake, naye akawa anakuja kwa pikipiki kila siku ya mnada. Tulimpa dada chumba cha uani. Vyumba vya mbele vilikuwa na wateja, vumbi na mlio wa mashine ya kopi, na daktari alikuwa ametuonya kuhusu lile bomba la shingoni: vumbi hapana.

Hapo ndipo tabu ilipoanzia. Mama alikuwa na magoti yaliyovimba. Kutoka sebuleni mpaka chumba cha uani ni kushuka ngazi, kukatiza uwanja, na kupanda ngazi nyingine. Asubuhi tulimshika mikono, mimi upande mmoja na mke wangu upande wa pili, tukampeleka akae na binti yake mpaka jua lilipochoma. Tukishamrudisha, alishinda sebuleni akiangalia ukuta wa upande ule. Dada naye alishinda kule akiangalia ukuta wa upande huu. Kuandika kwa kalamu hakuweza tena, vidole vilivimba kwa dawa. Kubonyeza kitufe kimoja kimoja kwa kidole cha shahada aliweza.

Siku ya mnada nilimwambia shemeji, "Ukija tena, niletee ile kompyuta ya mkeo ya kuandikia mitihani. Nitavuta waya."

"Waya wa umeme?"

"Wa maneno."

Akanitazama, akaona sitanii. "Nitaifunga kwenye godoro," alisema, "isije ikavunjika huko kwenye makorongo."

Naam, kompyuta yangu niliihamishia mlangoni pa sebule alikoshinda mama, waya nikaupitisha juu ya dari, ukatokea chini ya bati, ukakatiza uwanja ndani ya bomba la plastiki nililolifunga kwenye kamba ya kuanikia nguo. Ncha ya kwanza niliibana vibaya, nikaikata, nikarudia. Usione aibu kukata na kurudia. Acha waya mrefu kidogo kila upande kwa ajili ya makosa. Mwisho taa ndogo ya kijani ikawaka nyuma ya kompyuta zote mbili. Nikamwambia dada, "Tayari, tumeonana."

Hatukuonana. Kwenye kompyuta yangu nilijiona mwenyewe. Kwenye yake alijiona mwenyewe.

Nilikaa kwenye kiti karibu na kitanda chake nikaanza kukagua, na kosa lilipojitokeza nilicheka peke yangu. Kompyuta zinapowekwa katika mtandao wa nyumbani kila moja huulizwa: wewe ni wa kundi gani? Zikiwa na jina moja la kundi zinaorodheshwa pamoja, zikiwa na majina tofauti kila moja inatazama kwao. Sasa, huku kwetu ukimwuliza mtu yeye ni nani, jibu halianzi na jina lake. Linaanza na mtoto wa nani, wa wapi. Mimi kompyuta yangu iliponiuliza kundi, nilijibu kama ninavyowajibu watu: KIMALI. Dada naye, kompyuta yake ilipomwuliza miaka iliyopita, alijibu kama mwanamke aliyeolewa anavyojibu: IPILILO.

"Badili hapo, dada," nilimwambia. "Andika Kimali."

Akaandika kwenye ukurasa mtupu, nami nikisoma begani kwake: Nimeolewa Ipililo. Niandike Kimali kwa ruhusa ya nani?

"Ya fundi."

Fundi gani? Aliyebandika mlangoni kwake "tumefunga kwa dharula"?

"Dharura," nilisema.

Afadhali. Nilidhani umefunga kwa ajili ya ugonjwa mpya.

Alicheka. Kicheko chake kilikuwa pumzi tu, ikitoka kwenye bomba la shingoni kwa kukatika. Sisi Wasukuma hizi herufi mbili, l na r, zinatutesa, na yeye alikuwa amehangaika miaka yote ya ualimu kutenganisha anayekula na anayepiga kura. Kisha akafuta IPILILO, herufi moja moja, akaandika KIMALI. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kukubali muda kidogo. Akakibonyeza.

Kompyuta zikaonana.

Intaneti nayo haikuwa na ugumu, nikueleze ili ujue. Kompyuta yenye modemu ndiyo mlango wa nje. Kwenye mipangilio ya ile modemu kuna kisanduku kidogo cha kuruhusu wengine wapitie hapo. Ukikiwekea alama, kompyuta ya pili inatoka nje kupitia ya kwanza, kama chumba cha ndani kinachotokea sebuleni. Dada akawa anasoma magazeti na kujibu barua pepe za walimu wenzake. Nikafungua pia folda ya kushirikiana, nikaiita Yetu. Humo niliweka picha za nyumbani, na nyimbo za kwaya ya kanisa alizoimba zamani akiwa msichana, nilizozihamisha kutoka kwenye kaseti. Nilidhani zitamfurahisha. Jioni ile aliniandikia maneno manne.

Toa nyimbo. Acha picha.

Nikazitoa. Hatukuzungumzia jambo hilo tena.

Kuandikiana kwenyewe tulitumia programu ndogo iliyokuja na kompyuta. Ukimwita mwenzako inalia upande wa pili kama simu ya mezani, na akipokea, kioo kinagawanyika sehemu mbili: juu unaandika wewe, chini anaandika yeye. Haikuwa kama meseji za sasa, zinazofika zikiwa zimekamilika. Pale uliona kila herufi inavyokuja, na ukiwa na mwenzako mwenye kidole kimoja unamsubiri kama unavyomsubiri mtu anayevuka mto. Akikosea na kufuta, unaona anafuta.

Siku ya kwanza ililia, mama akashtuka. Nikapokea. Likaja: Mama amekula?

Mama hajui kusoma, kwa hiyo nikamsomea. Akatengeneza khanga yake kiunoni.

"Mama, anauliza kama umekula."

"Nimesikia."

"Sasa nimjibu nini?"

"Hajasalimia," mama alisema. "Mtu haingii kwenye kaya ya watu akaanza kuuliza vyungu. Kama sauti imekatika, adabu nayo imekatika?"

Nikaandika hivyo hivyo.  Kisha zikaja herufi, polepole: Mwangaluka, mayu.

Ni salamu ya Kisukuma ya kumwamkia mama, na nilipoisoma hakunijibu mimi. Aligeuza uso kwenye ukuta wa upande wa uani, akaita kwa sauti ya kuvusha uwanja, maana mayu huitwa hata binti: "Mwangaluka, mayu! Mhola?" Dada, ambaye masikio yake hayakuwa na tatizo lolote, akaisikia bila waya, akaandika: Mhola duhu. Yaani salama tu. Nikasoma. Na mama akaendelea kumwuliza habari za kulala, habari za chumba, habari za kuku waliokuwa wakipita mlangoni kwake, na kila swali lilijibiwa kwa utaratibu, mpaka salamu ilipofika mwisho wake. Ndipo mama akasema, "Mwambie nimekula ugali na mlenda. Na wewe umemeza nini?"

Hivyo ndivyo walivyozungumza kuanzia siku ile. Mama alipiga kelele ukutani, dada aliandika, nami nikawa mdomo wa dada. Wateja walizoea. Mtu alikuja kutoa kopi ya cheti akanikuta nasema, "Wewe mama, acha kumpendelea mtoto wako wa kiume, supu yote ameinywa yeye," akageuka kutazama ni nani anayezungumza nami. Yalikuwa maneno ya dada. Nilijitahidi kuyasema kama angeyasema yeye, kwa ile sauti yake ya kuvuta mwisho wa sentensi, lakini sauti ya mtu haiazimiki.

Mvua za kwanza zilipoanza, hali yake ilishuka. Hakuweza tena kukaa. Tulimwekea kibodi kifuani juu ya mto.

Mchana mmoja mashine ililia, nikapokea. Salamu ikaja, mama akaitikia. Kisha likaja neno: Mayu, nikifa. Likafutwa. Ikaja: Mayu, siku zangu. Likafutwa hilo nalo. Kioo kikakaa kitupu kwa muda mrefu, na mama akauliza, "Amesinzia?"

"Hapana. Anafikiri."

Halafu likaja polepole, bila kufutwa tena: Mayu, miguu yako haiwezi kufika Ipililo. Naomba nilale hapa.

 Nilimsomea. Mama akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Mke wangu, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, akasimamisha ungo.

Lazima nikueleze uzito wake. Mwanamke aliyetolewa ng'ombe huzikwa kwa mumewe. Ng'ombe wa dada walikuja zizini kwetu kwa haki, wakalala, na muda si mrefu wakaondoka tena kwenda kwa wazazi wa mke wangu, maana ndivyo mimi nilivyooa. Ng'ombe wale hawakuwa kwetu tena. Walikuwa ndoa yangu, walikuwa watoto wangu.

"Mwambie ng'ombe waliletwa," mama alisema taratibu. Mara hii hakupiga kelele ukutani.

"Ng'ombe wenyewe si ndio mimi hapa," mke wangu alisema akiwa mlangoni. "Wakiwataka, nijikabidhi nikalime mpunga wao." Alitaka iwe utani, lakini sauti ilimponyoka.

Nikaandika aliyosema mama. Dada akajibu: Najua. Mume wangu nampenda. Sivunji ndoa. Ni kaburi tu. Nataka uweze kufika.

Mama alifuta uso kwa ncha ya khanga. "Mimi ni mzazi, ningesema ndiyo hata sasa hivi," alisema. "Lakini neno hili si langu kulijibu. Waite wenyewe."

Shemeji alikuja na baba yake mdogo, ndugu wa marehemu baba yake. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo na baba mkwe wa dada kwa kila jambo. Mzee mtulivu, kofia juu ya goti. Tulisalimiana, tukala, kisha nikaketi mbele ya mashine, nikamwita dada. Aliandika kwa heshima zote, akamsalimu baba mkwe, akamwuliza habari za mifugo. Kisha akaliomba lile ombi lake, lote, na sababu yake. Nilisoma kwa sauti kila neno.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Umemaliza wewe, au amemaliza yeye?"

"Amemaliza yeye, mzee. Mimi nasoma tu."

"Sikukatalii. Lakini niliyoyasikia yametoka kinywani mwako, na wewe ni ndugu yake." Alisema bila ukali. "Kijana, mimi ni mkulima wa pamba. Ushirika ulipokufa kila mnunuzi alikuja na karatasi yake, na kila karatasi ilijua kusema. Nimechoka kuambiwa 'imeandikwa'. Hata mwandiko hapa hakuna. Hizi herufi za mashine ni za nani? Ni za kila mtu."

"Basi twende chumbani, mzee, umwone anavyobonyeza," nilisema, na kabla sijamaliza nilijua nimekosea.

Shemeji akainamisha kichwa. Baba mkwe haingii chumba anacholala mkamwana wake. Hata akiwa mgonjwa. Hasa akiwa mgonjwa. Mke wangu akapendekeza dada abebwe na kitanda chake mpaka sebuleni. Nikaandika kumwuliza. Jibu lilikuja haraka kuliko jingine lolote: Sitoki mbele ya mkwe wangu nikiwa hivi. Mniache na heshima yangu.

Nililisoma. Mzee akatikisa kichwa kukubali, na kwa mara ya kwanza macho yake yalilowa. "Hilo ni lake," alisema. "Huyo ndiye. Lakini ona sasa. Miaka yote hii mkamwana wangu sijamtazama usoni sawasawa, kwa adabu. Ninamjua kwa sauti. Kila asubuhi alikuwa akinisalimia akiwa nyuma ya mlango, nami nikajua nyumba ya mwanangu ina mtu. Wazee wenzangu wataniuliza: ulimsikia? Nitawaambia nini?"

 Shemeji alisimama, akaja mpaka nilipokuwa, akasema, "Naomba kiti." Nikampisha. Alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne, lakini kompyuta hakuizoea. Aliandika kwa kidole kimoja kama mkewe. Nilikwenda kusimama karibu na mama. Tulisikia vitufe tu, kimoja huku, kimya, kimoja huku. Waliyoandikiana siyajui mpaka leo. Kisha akainuka, akakatiza uwanja kwenye manyunyu, akakaa chumbani kwa mkewe muda mrefu. Aliporudi alisimama mbele ya baba yake mdogo.

"Amesema, baba. Nimesoma kwa macho yangu, nimeshika mkono wake. Mimi nimekubali."

"Umekubali kama mume," mzee alisema. "Ukoo bado haujasikia. Twende tukakae na wenzetu, tutarudi na neno."

"Yale maandishi nichukue?" shemeji aliniuliza. "Niwaonyeshe."

Ilinibidi nimweleze jambo ambalo sikutaka kulieleza. Ile programu haikuhifadhi chochote. Mkishafunga mazungumzo, kioo kinabaki kitupu, kama maneno ya watu wawili yaliyochukuliwa na upepo. Dada alikuwa amekwisha kufunga upande wake. Shemeji alikitazama kile kioo, akavaa koti la mvua.

Hawakuwahi kurudi na neno. Asubuhi moja, kabla hatujampeleka mama uani, alisema, "Hebu mwite kwanza, nimsalimie." Nikamwita. Mlio wa kule tuliusikia mpaka sebuleni, ukivuka uwanja, ukalia na kulia.

"Haitiki," mama alisema.

Mke wangu alikwenda kumtazama. Alirudi mikono ikiwa kichwani.

Walipokuja wa Ipililo, walikuja wengi, na waliomboleza kweli. Kikao cha wanaume kilikaa chini ya turubai. Shemeji alisema aliyoyasoma. Mimi nilisema niliyoyasoma. Wazee wakamgeukia yule mkubwa wao, wakamwuliza lile swali alilolitabiri.

"Uliisikia sauti yake?"

Alivua kofia. Hakuwa mtu wa kusema uongo hata kwa wema. "Sikuisikia," alisema.

Basi ikawa Ipililo. Hawakuwa na ubaya. Mwanamke wao alikuwa amekufa, na walikuwa wamekuja kumchukua nyumbani. Shemeji, ambaye sikuwahi kumsikia akiinua sauti mbele ya wakubwa wake, aliiinua siku ile kwa jambo moja tu: kaburi lisichimbwe nyuma kwenye zizi walikolala wengine, lichimbwe mbele, karibu na barabara, gari liweze kusimama. Walimkubalia. Wakati wa kufunga jeneza kwenye gari yule mzee alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ningemsikia, ningemwacha hapa," alisema. "Ujue hivyo." Aliamini kwamba ananipa faraja, nami nilimwambia wabeja, asante, kwa kuwa ndivyo mtu anavyojibu.

Mama alikwenda siku ya mazishi. Tangu hapo amefika mara moja, wakati wa kiangazi, kwa gari la kukodi, akakaa ndani ya gari mlango ukiwa wazi kwa sababu magoti yalikataa hata zile hatua chache za kutoka barabarani. Njia ya kule mvua ikinyesha haipitiki, na mvua isiponyesha ana homa. Shemeji hulipalilia kaburi. Huniambia hivyo kila akija mnadani, nami humwambia mama, na mama huuliza kama majani ya mwaka huu ni marefu.

Waya ule niliuondoa. Wengi wamenijia tangu siku zile niwafundishe kuunganisha nyumba zao, na ninawafundisha kwa moyo, maana kwa miezi ile michache waya ulimpa dada yangu mama yake kila siku, wakataniana, wakakosoana mapishi. Sitausema vibaya. Lakini uliyapeleka maneno peke yake, na siku ile watu walihitaji sauti.

Kwa hiyo, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye daktari amesema sauti yake inaweza kupotea, usianze na waya. Leo, akiwa bado anaweza hata kunong'ona, waite wote ambao siku moja watakuwa na haki ya kuamua juu yake, wa kwenu na wa ukweni. Asiyeruhusiwa kuingia chumbani mwekee kiti nje ya mlango, mlango uwe wazi. Kisha muulize mgonjwa anataka nini, na msimkatishe mpaka amalize.